Hakimu Asiyepepesa Macho

"Ongea ukiangalia hapa juu, anti," Trizah alisema, akiegemeza simu yake kwenye gorogoro la kupimia omena. "Na usiiguse. Mikono yako iko na magamba."

Adero alijifuta kwa leso. Magamba hayakutoka, yalikuwa yamemkaa vidoleni miaka yote aliyouza dagaa hao wa ziwani katika kibanda chake cha mabati mtaani Kisumu Ndogo. Simu yake mwenyewe haikuweza kuonana na mahakama, ndiyo maana Trizah, mjane wa nahodha Oyoo, alimletea yake kutoka mtaa wa Kabiro, alikoziacha kwenye beseni nguo za watu alizokuwa akifua. Kesi ilikuwa ikisikizwa mbali, kule ziwani, naye atoe ushahidi kwa video. Hakimu alijaa kwenye kioo, miwani puani, kalamu mkononi.

Jambo lenyewe lilikuwa moja. Mashua ya Boaz ilizama na Oyoo akafa maji. Trizah alidai fidia ya kulelea watoto. Boaz alijibu kupitia wakili kwamba nahodha alizembea, kwamba hakuwahi kusema mzigo umezidi. Waliotoka hai ni wawili: Boaz, na Adero aliyekuwa amekwenda kisiwani kujichagulia omena. Na huyo Boaz ndiye anayempakilia Adero gunia la omena kwenye basi kila wiki. Bila yeye meza ya Adero ni mbao tupu.

Aliapa. Kisha akasema.

"Boaz alikuwa amekalia magunia, amevaa life jacket, yeye peke yake. Maji ikaanza kuingia. Oyoo akasema tutupe mzigo. Akarudia. Boaz akamwambia, 'Ukitupa gunia yangu, utaifuata.' Basi Oyoo akachukua ndoo, akachota maji, akachota, mpaka mashua ikalala. Huyo mtu hakuzembea. Alikufa akifanya kazi."

Hakimu alimtazama bila kupepesa macho. Adero hakuwahi kusikilizwa hivyo na mtu aliyevaa tai. Alipata nguvu, sauti ikapanda, na mabati hayajui kuficha sauti. Waliokuwa wakinunua mboga nje walinyamaza. Akasema hata lile ambalo hakuwahi kumwambia Trizah.

"Alikuita, Trizah. Alikuita na mdomo umejaa maji."

Trizah alijifunika uso kwa kanga na kulia. Alipoufunua, alitazama kioo, akatazama tena. Kalamu ya hakimu ilikuwa hewani palepale ilipokuwa tangu mwanzo.

"Woi! Ime-hang!"

Simu ilikwaruza, kisha sauti ikarudi. "Shahidi, tulikupoteza mara tu baada ya kiapo. Mahakama haijasikia chochote. Anza upya, tafadhali, na uwe mfupi."

Mlangoni alikuwa amesimama Christine, dada yake Boaz, anayeuza vitunguu ng'ambo ya njia. Simu yake ilikuwa sikioni. Alikuwa amesikia yote, na hakuonekana kukasirika. Afadhali angekasirika.

"Boaz anakusalimia," alisema kwa upole. "Anauliza, hiyo gunia ya kesho apakie ama awache?"

Adero aliitazama meza yake. Binti yake Adhis na mjukuu wake mchanga wanakula hapo, na hawana pengine. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, wala hawakusema kichwa chenye njaa kifanye nini.

"Mama, sasa tunakusikia vizuri," alisema hakimu.

"Sikuona vizuri," alisema Adero. "Kulikuwa na mawimbi."

"Nahodha aliomba mzigo utupwe?"

"Sikusikia."

"Alisema neno lolote?"

"Hapana."

Hakimu aliandika. Sasa alikuwa akipepesa macho kama mtu yeyote anayengoja chai. Christine aliondoka bila kuaga, na nje watu wakarudia kuchagua sukuma wiki. Wote walikuwa wamesikia, na hapakuwa na hata mmoja wa kwenda kusema.

Trizah hakumtukana. Aliichukua simu yake, akaliona gamba moja kwenye kioo, akalisugua kwa kidole gumba mpaka likatoka.

"Ile ya kwanza," alisema. "Si ungewaambia ile ya kwanza tu."

Mikono ya Adero ilifanya ilichozoea: ilichota omena, gorogoro likajaa pomoni, ikazifunga kwenye gazeti.

"Pelekea watoto."

Zilikuwa omena za Boaz. Ulikuwa ukatili, naye alijua. Trizah alikitazama kile kifurushi. Kisha akapokea.

Adero alimfuata kwa macho hadi kwenye mbao zilizolazwa juu ya mtaro, maji meusi yakipita chini. Katikati ya mbao Trizah alisimama, kifurushi mkononi, akayaangalia maji.

"Tupa," Adero alinong'ona. "Tupa, mwanangu."

Trizah alikibana kifurushi kwapani, akavuka.