Geti la Nyuma

Babu alifunga mfuko wake kwa kamba, akausimamisha nyuma ya mlango wa chumba tulichompa, kisha akatangaza kwamba Jumapili mjomba akija na pikapu ataondoka naye. Anarudi kwake, kwenye nyumba ambayo haina mtu tangu Bibi atutoke.

"Kwani tumekukosea nini, baba?" Mama aliuliza.

"Hamjanikosea. Nakula, nalala, nakula tena. Hata kuku wa mayai anafugwa hivyo hivyo, ila yeye angalau anataga."

Mama alicheka, halafu akaingia jikoni akafungua bomba bila kuosha kitu chochote. Nilijua analia. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kuitwa kazini, na asubuhi zangu zote nilikaa na Babu kwenye kibaraza chetu cha ghorofa ya tatu. Sikutaka aende. Kule akiugua, nani angejua?

Jumamosi, nikitafuta lolote la kumchangamsha, nikamwambia, "Babu, twende soko la wakulima, pale uwanja wa shule. Ni jipya, hata mimi sijafika."

"La wakulima? Wanauza majembe?"

"Hapana, wanauza mboga na matunda."

"Basi hilo si la wakulima. Hilo ni la walaji." Lakini alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Kwenye geti kubwa la shule watu walikuwa wanaingia na vikapu, watoto wakining'inia kwenye mikono ya mama zao. Ukutani kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa rangi: WAKULIMA WAPITE GETI LA NYUMA. Mimi niliingia. Nilipogeuka, Babu alikuwa anaambaa na ukuta, anakwenda zake.

"Babu! Sisi tunapita huku!"

"Mke wangu, chuo chote kile na hujui kusoma? Wakulima nyuma."

"Wanamaanisha wenye mizigo."

"Hawajaandika mizigo."

Amelima tangu hajaota ndevu. Nikamfuata.

Geti la nyuma, mama mmoja aliyevaa buti za mpira alikuwa anashusha maboga kwenye gari huku anagombana na simu. "Umelala? Watu wamejaa huku, wewe bado umelala?"

Mlinzi akamwangalia Babu. "Mkulima?"

"Mkulima."

"Mama, acha kugomba. Mtu wako wa kukusaidia huyu hapa."

Yule mama alimpima Babu kutoka kofia mpaka viatu. "Ndiyo nimeletewa mzee? Haya, shikamoo, shika hili." Akamsukumia boga kifuani.

"Marahaba," alisema Babu, na boga alikuwa ameshalikumbatia.

Nilifungua mdomo nieleze. Kisha nikaona anavyolipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemtambua ndugu yake gizani. Nikaufunga.

Tukapanga meza. Mama Maboga, maana ndivyo Babu alivyomwita papo hapo, akaenda kuegesha gari. Mteja wa kwanza akafika, dada aliyebeba mtoto mgongoni.

"Babu, hili ni tamu?"

"Hata kidogo. Tazama kikonyo chake, kibichi. Liache."

"Na hili?"

"Hili tamu. Mko wangapi nyumbani?"

"Wawili na huyu."

"Litawashinda, litaoza. Chukua lile dogo."

Mama Maboga alirudi wakati Babu anamnyima bwana mmoja boga la tatu. "Mzee! Unauza au unafukuza?"

"Nani alikutuma kuvuna haya kabla ya wakati?"

"Mvua ilikuwa inakuja!"

"Ungeyatandikia nyasi chini."

"Nyasi? Unikaribishie mchwa?"

"Mchwa anakuja shamba lisilopaliliwa."

"Ee! Mnamsikia? Anasema shamba langu chafu!"

Watu walikuwa wameanza kusimama kusikiliza. Nilimshika Babu mkono nikitaka kumwondoa, lakini akausukuma mkono wangu kama anayefukuza nzi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akipaza sauti. Na wateja, badala ya kukimbia, wakaanza kumwonyesha yeye kila boga kabla ya kununua: "Hili, Babu? Hili je?"

Ndipo akatokea kijana anahema, shati limegeuzwa nje ndani. "Samahani mama, nilipitiwa na usingizi."

Mama Maboga akamtazama, akamtazama Babu. "Sasa huyu ni nani?"

"Mkulima," Babu akasema. "Niliambiwa nipite nyuma."

Mama Maboga alicheka mpaka akashikilia meza. Nilimwomba radhi, nikamweleza yote. "Na wewe ni nani yake?" akaniuliza.

"Mke wangu," Babu akadakia.

"Maskini! Mume mwenyewe mkorofi hivi!" Kisha akamgeukia. "Jumamosi ijayo naleta ya shamba la juu, yamekomaa mpaka yamezeeka. Njoo uyatie kasoro hayo."

Babu akapangusa mikono polepole. "Jumamosi ijayo sipo."

"Aaa. Umeogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Unayakimbia maboga yangu."

Tulipofika nyumbani, kabla hajavua kofia, akaniambia nimpigie mjomba. Aliishika simu kwa mikono miwili, akapiga kelele utadhani mjomba yuko ng'ambo ya bonde.

"Kesho njoo, lakini pitia kwangu kwanza! Juu ya kabati kuna chupa ya mbegu za maboga. Hizo hizo, za mama yako! Kuna mama hapa anajifanya anajua maboga... Nini? Kurudi? Nirudi vipi, na mbegu zinakuja huku?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba, utazipanda wapi?"

"Pale chini, nyuma ya kamba za nguo. Udongo umekaa bure."

"Na yatakomaa lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Babu akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi. "Miezi minne, mitano. Kikonyo lazima kikauke kabisa. Halafu la kwanza nampelekea yule mama, ale, anyamaze." Akavuta kiti mezani. "Chakula kiko tayari? Leo nimefanya kazi."