Mke Asiyesikika

Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa daktari, na mume wangu Devendra alikuwa amejikunyata pembeni mwa kitanda akiapa kwamba watu wote wanaopita nje wanakuja kumchukua yeye. Walikuwa wakienda mkutanoni Mnazi Mmoja, masikini, wala hawakuwa na habari naye. Kelele zao zilipita dukani kwetu, upande wa mbele, zikapenya pazia, zikamfikia kama zimetumwa.

Daktari, Mgoa mpole asiyejua Kigujarati, alizungumza nasi Kiswahili. Alimgeukia baba mkwe wangu, Mzee Vallabhdas, akamwuliza kama mgonjwa amekunywa pombe.

"Nyumba hii haina mlevi," mzee akajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, ncha ya sari imenifunika uso mpaka kidevuni. Kwetu, mke wa mwana hamwonyeshi baba mkwe uso wake wala hamsikilizishi sauti yake. Tangu niletwe Kariakoo nikiwa bibi harusi, mzee yule hakuwahi kunisikia hata nikikohoa. Nikiwa na neno nilimnong'oneza Siwema, mfanyakazi wetu, naye akalipeleka kwa sauti yake kubwa, pengine akilitia chumvi. Siku hiyo Siwema alikuwa Ilala, amefiwa na shangazi yake.

Na niliyejua ukweli ni mimi. Tangu mama yake afariki, Devendra hakuwa akipata usingizi. Alisikia nyayo juu ya bati, akawaona wateja wakinong'ona juu yake. Daktari akampa vidonge vya kutuliza hofu. Havikufaa, akaongeza, akaongeza tena, akishangaa kichwa gani hiki kisichosikia dawa. Hakujua kwamba kila kidonge kilisindikizwa na brandi iliyofichwa ndani ya robota la kanga. Brandi ilimlaza kidogo, kisha ikimtoka mwilini aliamka akitetemeka, jasho linamtiririka, na hofu imerudi kubwa kuliko ilivyoondoka. Mchana ule nilikuta chupa tupu chini ya kitanda. Asubuhi ilikuwa imejaa.

"Narudia kuuliza kwa sababu dawa hii ni kali," daktari alisema. "Pombe inaulaza ubongo, na hii nayo inaulaza. Zikikutana, ubongo unaweza kusahau hata kupumua."

Mzee hakupepesa macho. "Mdunge, daktari."

Nilimjua mke mmoja wa jirani zetu aliyemjibu baba mkwe wake mbele za watu, akapakiwa melini na sanduku lake kurudishwa kwao, watoto wakabaki. Nami nilikuwa na Ila, binti yangu, amelala chumba cha pili. Daktari akaanza kuupaka mkono wa Devendra spiriti.

"Daktari, usimdunge," nikasema. "Amekunywa. Chupa nzima, leo hii."

Kilikuwa Kiswahili cha jikoni, nilichofundishwa na Siwema, lakini hakuna asiyekielewa. Daktari akaiweka sindano chini. Akaniuliza mimi mwenyewe, naye mzee akisikia, ni pombe gani na ameanza lini, nami nikajibu yote. Akatuagiza tumlaze ubavu na tusimwondokee. Tena akatuonya tusije tukampokonya chupa nyumbani kwa mara moja, maana ubongo uliozoeshwa hivyo ukinyimwa ghafla hushtuka, na mtu anaweza kuanguka kifafa akafa. Angeachishwa hospitali, chini ya macho ya wauguzi. Kisha akatoka kwenda kupiga simu duka la pili, watu wa hospitali waje wamchukue.

Tukabaki watatu. Devendra alikuwa ameanza kukoroma. Nilingoja kutukanwa. Mzee alikuwa akiutazama ukuta, kwa sababu hata sasa ilikuwa mwiko kunitazama mimi.

"Nilijua," akasema polepole. "Hata ile chupa niliiona. Ningesemaje mbele ya mgeni?"

Hofu niliyoipata pale sijaipata tena maishani. Nilipanda kitandani mbele ya mzee, nikakiweka kichwa cha mume wangu mapajani, nikawa nasikiliza pumzi zake mpaka gari lilipofika. Tangu siku ile sikumwacha Devendra peke yake na baba yake.