Chai ya Kaburi Dogo

Mtoto wa kwanza wa Nthambi alizaliwa kimya. Wanawake wa kijiji cha Katelembo walifunua shuka wakamtazama, wakashika vinywa. "Ai, mkubwa hivi!" Kamanthe, mama mkwe, alilia huku akisifu ukubwa wa mjukuu wake, na sifa hizo zilimchoma Nthambi kuliko kisu. Walimzika nyuma ya makonge.

Mvua za El Nino zilipokwisha, Nthambi alikuwa mjamzito tena. Nesi wa kliniki alisikia habari za yule wa kwanza, akampima damu, akakunja uso. Sukari ilikuwa imeanza kupanda. Apunguze ugali, aongeze maharagwe na sukuma, chai anywe bila sukari, atembee kila baada ya kula, na asikose siku ya kupimwa.

"Huyu tutamlinda," nesi alisema. Nthambi alirudi nyumbani akimwaza yule wa kwanza.

Shida ilikuwa Kamanthe, ambaye mapenzi yake yote yalikaa kwenye birika. Kila jioni alileta kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, tamu hadi midomo inanata. "Kunywa, mama. Sasa unakula ya watu wawili."

Ungemkatalia vipi? Nthambi aliaga kwamba anaenda kunyoosha miguu, akabeba kikombe hadi kwenye makonge, akakimwaga kaburini. Mwanzoni alimwaga tu, akarudi. Baadaye akaanza kusikia pumzi ikivutwa kabla kikombe hakijainama, pumzi ndogo, ya mtu aliyekuwa akingoja. Aliogopa kwenda, na aliogopa zaidi kutokwenda.

Jioni moja Kamanthe alimfuata. Alimkuta akiinamisha kikombe, na kaburi limefunikwa na sisimizi, weusi tele, wakiingia ardhini na kutoka.

"Nthambi! Unamwagia wafu chai? Na sisi ni watu wa kanisa!"

"Si hivyo, mwaitu, mama yangu. Nesi alinikataza sukari. Alisema inaweza kuwa ilipanda kwa damu yangu, ndiyo huyu akakuwa mkubwa hivyo, akatuacha. Nilishindwa kukwambia, mama."

Kamanthe aliwatazama sisimizi. Akaketi pale pale udongoni.

"Hata wakati wa huyu," alisema polepole, "ni mimi nilikuwa naleta chai."

"Hakuna mtu alijua, mwaitu. Hata mimi nilikuwa naipenda."

Giza liliwakuta bado wameketi hapo, mkono wa Kamanthe ukipangusa sisimizi, nao wakirudi.

Tangu siku hiyo walitembea wawili kila baada ya chakula, Kamanthe mbele, mikono mitupu. Walipopita makonge, Nthambi aliisikia ile pumzi, akaona mabega ya mama mkwe yakishtuka, akajua kwamba naye ameisikia.

Mtoto alizaliwa hospitali, asubuhi, akilia kwa hasira kama aliyeibiwa. Kamanthe alimpokea, akampima kwa viganja vyake, huku na huku, machozi yakimdondoka hadi kwenye shuka.

"Ni mdogo," alisema. "Asante Yesu, ni mdogo."