Seva Isiyoamka Yenyewe

Hatukuwa tumemaliza hata kukunja maturubai ya msiba wa kaka, zahanati aliyokuwa fundi wake wa kompyuta ikanipigia simu. Umeme ulikatika usiku, ukarudi. Seva, kompyuta kuu, imewaka, ila mafaili ya wagonjwa hayafunguki.

Shemeji, mke wa marehemu, alikuwa amesharudi kazini kwake mapokezi. Alisema nyumbani kuna viti vingi mno.

"Kompyuta nayo imefiwa?" mzee mmoja aliuliza kwenye benchi. Jirani yake akamkanyaga mguu. Shemeji hakuinua uso.

Nikakaa kwenye kiti cha kaka. Nikaiwasha kwa mkono hifadhidata, programu inayotunza mafaili, ikakubali. Nikazima mashine yote, nikaiwasha upya, hifadhidata ikagoma. Basi data ilikuwa salama, shida ilikuwa kwenye kuamka. Nikasoma logi, kumbukumbu za mashine, taratibu. Hifadhidata ilikuwa inaamka kabla diski yake haijaunganishwa. Inatafuta mafaili, haioni kitu, inajizima.

"Huwa inagoma hivyo," Shemeji alisema mlangoni. "Ndiyo maana kaka yako alitoka alfajiri miaka yote. Nikimwambia lala kidogo, baba, ananiuliza, umeme ukiwa umekatika, mashine itaamshwa na nani?"

Nikaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio: isubiri diski kwanza. Nikazima, nikawasha. Tukangoja. Hifadhidata ikaamka yenyewe.

"Umefanya nini?"

"Nimeongeza mstari."

"Mmoja?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa mzito hata kwa uongo.

"Mmoja, shemeji."

"Kumbe alikuwa anapenda tu kutoka." Alisema kwa sauti ile ile ya kusoma majina ya wagonjwa.

"Labda. Au hakuwahi kupata nafasi ya kuichunguza. Akishaiwasha watu wanaanza kuhudumiwa, nani angemruhusu aizime tena?"

Alitazama skrini. Hakulia. Mimi pia niliyatafuta machozi, nikakuta pakavu.

"Daktari akikuuliza," alisema, "mwambie ilikuwa kazi ngumu."

Daktari akaja kweli, kikombe mkononi. "Pole tena, fundi. Shida ilikuwa nini?"

"Kazi ngumu, daktari. Inataka mtu mvumilivu."

"Ndiyo maana marehemu alikuwa anatuwahi wote hapa."

"Ndiyo maana," Shemeji akaitikia. Akashusha pumzi, akarudi mezani kwake, akaita mgonjwa wa kwanza.