Waliolala Ndani ya Mkanda wa Mabua

Msonobari wa Mzee Kuniharu ulikuwa ukipukutika kama mbwa mwenye upele, na hekalu, ambalo ndilo lenye kiwanja hicho, lilishasema: ukizidi kukauka kiangazi hiki, shoka. Mti huo aliupanda baba yake. Ng'ambo ya ukuta, misonobari ya shemeji yake Yasue ilinawiri kijani. Kuniharu hakuhitaji mganga kumtajia mchawi.

Kila vuli aliufunga mti wake mkanda wa mabua ya mpunga, ili viwavi wanaoshuka kukwepa baridi walale humo. Machi anaufungua mkanda, anauchoma pamoja nao. Ndivyo walivyofanya babu zake. Mwaka huu fundo alilikuta kushoto. Yeye hufunga kulia; mtu alikuwa ameufungua.

Basi asubuhi ya kuchoma akajibanza nyuma ya banda. Haikupita muda, Yasue huyo, shuka jeupe kwapani. Akafungua mkanda, akaukung'utia juu ya shuka.

"Shemeji, unaniwekea viwavi?"

Yasue hata hakushtuka. "Toka huko. Tumbo lako limeonekana tangu langoni."

"Nijibu."

"Vaa miwani kwanza."

Kwenye shuka kulikuwa na viwavi watatu. Waliobaki walikuwa buibui wadogo, bapa kama mbegu za tikiti, rangi ya gome, wakikimbia upandeupande kama kaa.

"Umewaleta wewe."

"Arobaini, mfukoni? Hawa hawatandi utando, shemeji. Huvizia windo kwenye gome, na vitoto vya viwavi ni chakula chao. Baridi ikija hulala ndani ya mkanda. Viwavi wengi wako kwenye nyufa za gome, wanakucheka. Kila Machi unachoma askari, unaacha wezi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mwaka juzi. Ukaniambia nina kijicho. Ndiyo maana juzi niliufungua mwenyewe nitazame."

Kuniharu alivua koti. Alikwenda kwenye msonobari mdogo wa uani, ambako Yasue hafiki bila yeye kumfungulia, akaukung'utia mkanda wake juu ya koti. Viwavi wawili. Buibui walikuwa wengi mno, akaacha kuwahesabu. Akafikiria Machi thelathini za moto, akakaa chini kidogo.

Aliporudi, aliulaza mkanda taratibu chini ya shina la mti wa baba yake, bila kuuchoma.

"Na ukikauka?" Kuniharu akauliza.

"Utanishtaki."

"Nitakushtaki kweli."

Buibui mmoja alikuwa akipanda mkono wake. Kuniharu akauegemeza kwenye gome, akangoja avuke.