Jina la Mama Kitheka Barazani

Wiki nzima Lenah alikuwa akimtukana mtu asiyemjua, tena akimtukania ndani ya nyumba ya mtu huyohuyo, huku anakunywa chai yake.

Chumba cha Mukai, Mama Kitheka kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, pale Sarang'ombe hakikukauka wageni. Tangu polisi wafunge kinu cha unga cha Jeconia kule Kawangware, wanawake walioshona magunia hawakuwa na pa kwenda asubuhi. Wakamiminika kwake, wengine kitandani, wengine juu ya madebe, wengine kizingitini, kazi yao kumchambua mchongezi aliyewapelekea polisi habari.

"Mimi nikimjua," Lenah akasema, "nitamshona mdomo kwa sindano ya gunia."

Wakacheka hadi jirani akagonga ukuta. Mukai naye akacheka, akammiminia Lenah chai nyingine, na nusu yake ikaishia mezani.

Mchongezi ni yeye. Na kama wangejua, kila kitu kingeisha: kazi, maana wenye vinu wote huulizana habari za watu, na nyumba hii yenye kelele aliyoipenda kuliko kitu chochote Nairobi.

Mwaka ule wa themanini na nne mvua ilikataa kabisa. Serikali ikaleta mahindi ya njano ya msaada, magunia yameandikwa kwa rangi nyeusi kwamba hayauzwi, na jina la wilaya yanakokwenda. Lori likawa linayaleta kwa Jeconia. Wanawake waliamriwa kuyamwaga, kuyageuza magunia ndani nje, kisha kuyashona upya yakiwa na unga wa kuuzwa. Hakuna aliyeuliza. Ukiuliza leo, kesho unamkuta mwingine ameshika sindano yako. Mukai alishona kama wenzake mpaka ilipomfikia habari kutoka Kitui kwamba mama yake amepanga foleni ya msaada tena, amerudi mikono mitupu tena, na sasa anachemsha mizizi. Siku hiyo alipogeuza gunia akaona neno Kitui likiingia ndani, gizani, kwa mikono yake mwenyewe.

Chifu Shivachi alikuwa ametangaza: anayejua mahindi ya msaada yanakoibiwa aje ofisini. Atalindwa, na atapewa zawadi. Mukai akaenda, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Na jina langu, chifu?"

"Jina lako, mama, litakufa na mimi."

"Imeandikwa mahali? Kuna sheria ya kunilinda?"

Chifu akacheka, akajipiga kifua penye vifungo vya shaba. "Sheria ndiyo hii unaongea nayo."

Kinu kikafungwa, na Jumamosi ya wiki hiyo likaitishwa baraza Kawangware, na bwana DO, afisa wa tarafa, mwenyewe akaja. Mukai na Lenah waliketi kwenye nyasi, juu ya leso moja, bega kwa bega. DO alikuwa akipiga miayo chini ya mwavuli. Chifu akaona sifa zinampita hivi hivi, akanyakua kipaza sauti.

"Bwana DO, wananchi wangu ni wazalendo! Nani alituletea habari za Jeconia? Si mwingine ila Mama Kitheka, mshonaji wa magunia! Simama, mama, usione haya! Makofi ya kilo!"

Waliopiga makofi ni askari wa chifu na karani wake. Wengine wote waligeuka kumtazama. Lenah alivuta leso yake polepole kutoka chini ya Mukai, akaikunja, akahama.

Askari wakaburuta gunia la mahindi ya njano hadi miguuni pake. Zawadi. "Sema asante, mama," chifu akanong'ona, akimsukumia kipaza sauti.

Mukai akakishika kama mtu anayemkaba mwizi.

"Chifu, uliniambia jina langu litakufa na wewe. Mbona nakuona mzima, unang'aa mafuta, na jina langu liko nje?"

Kicheko kikapasuka huko nyuma.

"Mama, wageni wanasubiri..."

"Wasubiri! Mama yangu pia anasubiri. Hili gunia ni lake, jina la Kitui si hili hapa? Jeconia aliiba, nawe unanikatia kipande cha wizi uleule halafu unataka nikushukuru! Na yale mengine yako wapi? Polisi walibeba lori zima. Kitui hayajafika. Yako wapi, chifu?"

"Yako wapi!" mtu akadakia, na uwanja mzima ukaanza kunguruma.

Chifu akampokonya kipaza sauti. "Bwana DO, mama huyu amechanganyikiwa kwa furaha." Lakini DO alishaanza kuelekea kwenye gari lake, na askari wakaliburuta gunia kulirudisha walikolitoa.

Kuanzia siku ile chai ya Mukai ilipoa kwenye sufuria. Mwenye nyumba akaja akasimama mbali, akasema hataki mabati yake yachomwe, atafute kwingine. Kwenye vinu vingine vyote aliulizwa swali lilelile langoni: "Si wewe ndiye yule wa makofi?" Akarudi kwa chifu.

"Ulinzi wangu uko wapi?"

"Nani amekupiga, mama?"

"Sijapigwa."

"Basi ukipigwa, uje."

Na Jeconia? Kinu chake kilifunguliwa tena bila hata kupakwa chokaa. Wanawake wakarudi kushona.

Siku moja adhuhuri Lenah akatokea mlangoni. Hakuketi.

"Mama Kitheka, yale magunia yamerudi kinuni. Yaleyale ya polisi. Chifu mwenyewe alisimama uani akielekeza lori mahali pa kuegesha. Nimemwona kwa macho yangu."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nenda ukaseme kwa DO. Wewe jina lako limeshaharibika. Sisi wengine bado tuna watoto."

Mukai akasimama, stuli ikaanguka.

"Na Kitheka nilimzaa na ukuta? Eh, Lenah? Ulikunywa chai yangu ukinitukana, ukanivutia leso mbele ya watu, na leo unaniletea uchafu wako kama mimi ni jalala! Mimi nilisema nilichokiona mimi. Hiki umekiona wewe."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Unasema hivyo tu?"

"Ulitaka nikuahidi nini? Kwamba utalindwa? Na nani? Mimi nitakwenda nawe, nitasimama pale pale, na nitasema yangu tena. Lakini wewe ndiye utaanza, na utaanza kwa jina lako na la baba yako, kwa sauti, karani wa DO asikie."

Akavaa viatu, akatia kufuli mlangoni, akasimama njiani akingoja, mikono kiunoni. Majirani waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Lenah alisugua kidole chenye sugu ya sindano.

"Wakoli, mlinzi wa langoni, naye aliona," akasema mwishowe. "Na Rahab alikuwa anafagia hapo hapo."

"Basi tupitie kwao kwanza," Mukai akasema, na akatangulia.