Betri ya Kilo Kumi na Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi mlango wa chuma wa mnara wa maji ulifunguliwa, na mhariri akaingia wa kwanza, saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni. Waandishi walimbandika jina la Rula, naye alilijua. Nyuma yake alifuata mwandishi wa riwaya iliyowaleta pale, kisha binti yake wa miaka kumi, na mwisho shangazi wa mwandishi, mwenye miaka themanini na minne, akitembelea mkongojo na kukataa kushikwa mkono.

Riwaya ilikuwa ya watoto, kuhusu vita. Katika sura ya tisa, msichana wa miaka kumi anapandisha betri ya redio ya kilo kumi na mbili hadi juu ya mnara huo, wakati mlinzi ameenda kunywa chai. Ana dakika sita tu kabla hajarudi. Msichana huyo alikuwa shangazi mwenyewe. Kijitabu cha kumbukumbu cha mji kilisema kazi ile ilifanywa na "vijana wawili wa kiume", na kwa miaka sabini na minne hakuna aliyekisahihisha.

"Watoto hawadanganyiki," alisema Rula. "Wanapima. Binti yako akishindwa kufika juu kwa dakika sita, kitabuni atakayebeba ni kaka mkubwa wa msichana."

"Kaka yangu alikuwa akipanda kiti anaomba kushikwa," shangazi akajibu.

Mwandishi alipakia mfuko wa mchanga wa kilo kumi na mbili kwenye kikapu, kama alivyoandika. Binti akakikumbatia, Rula akabonyeza saa. Ngazi ilikuwa ya kuzunguka, nyembamba, yenye vidato mia moja sitini na vinane. Mwandishi alimfuata mwanawe kwa nyuma, akihesabu. Kikapu kiligonga ukuta, kikanasa kwenye reli, kikamziba mtoto asione anapokanyaga. Walipofika kidato cha tisini na nne, sauti ya Rula ikapanda kutoka chini: dakika sita zimekwisha.

Walishuka. Mwandishi alikuwa amezama kwenye nyaraka miaka miwili. Alijua tarehe, hali ya hewa, uzito wa betri, hata zamu za walinzi.

"Kikapu cha nini?" shangazi akauliza.

"Kwani wewe ulibebea nini, shangazi?"

"Leo ndiyo unaniuliza? Umekuja kwangu mara ishirini kutaka kujua ilikuwa Jumatatu au Jumanne." Akavua mtandio wake mpana. "Niliifunga mgongoni, kama mtoto. Msichana mwenye mtoto mgongoni, askari gani atamsimamisha? Anaogopa mtoto ataamka alie."

Hakuna waraka uliotaja betri ilibebwa vipi, basi mwandishi akabuni kikapu mezani kwake, ilhali aliyeibeba yu hai, mitaa miwili kutoka hapo.

"Mbona hukusema mapema, mama?" Rula aliuliza.

"Ulikuwa unachezea saa yako."

Walimpumzisha mtoto nusu saa. Kisha shangazi mwenyewe akamfunga mfuko wa mchanga mgongoni kwa mtandio, akikaza fundo kifuani.

"Bibi, mtoto gani mzito hivi? Anakula nini?"

"Chuma. Inama, usimwamshe."

Safari hii mikono ya binti ilikuwa huru, mmoja kwenye reli, mwingine ukutani. Alipita kidato cha tisini na nne bila kusita. Kwenye cha mia moja na thelathini alisimama, akaegemea ukuta, akahema. Mwandishi alikuwa na neno mdomoni, akalimeza. Sharti la Rula lilikuwa mtu mzima asisaidie, hata kwa kauli. Alihesabu pumzi kumi na moja. Mtoto akavuta mtandio juu kidogo, akaendelea.

"Nimefika," akaita.

Kutoka chini Rula akasoma, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Dakika tano, sekunde thelathini na nane."

Waliposhuka, walimkuta Rula amefungua mswada magotini mwa shangazi. Alifuta kikapu, akaandika mbeleko, akaandika muda ule pembeni mwa ukurasa, kisha akamkabidhi shangazi kalamu aweke sahihi kama shahidi.

Saa nne na dakika ishirini shangazi aliweka sahihi, kwa jina lake kamili.